Picha ya Kaburi la Mlingotini

Alhamisi iliyopita, wanaume waliporudi kutoka kumzika kaka yangu Hemedi, mwanawe Idrisa aliingia uani tulikokaa wanawake, akaacha viatu mlangoni, akaniinamia na kunipa simu yake. "Shangazi, hili hapa," alisema. "Nimekupigia ulione." Nikavaa miwani. Niliona tuta la mchanga mbichi, kipande cha ubao kichwani, mti wenye kivuli kizuri, na mbingu ya buluu ambayo sisi sote tuliokuwa Bagamoyo siku ile hatukuiona, maana mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri. Wenzangu pale mkekani walinyoosha shingo wakasema mashallah, amelala pazuri. Mimi nikamuuliza, "Pembeni kuna nini?"

"Pembeni wapi, Shangazi?"

"Huku ulikokata. Na huku."

Idrisa ni mtu mzima mwenye mvi zake, lakini alinijibu kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. "Hakuna kitu. Ni makaburi tu." Nikamrudishia simu yake. Wenzangu walitazamana, nikajua wanasema moyoni kwamba msiba umenipanda kichwani. Waseme. Kutazama picha nilifundishwa na Hemedi mwenyewe, na tangu mwaka ule siwezi kuona picha safi nikatulia.

Kwetu wanawake hatufuati jeneza. Maiti hutolewa mlangoni, sisi hubaki na kilio na masufuria, wanaume huenda na kurudi na vumbi miguuni, na ukiwauliza wanakupa maneno mawili: amezikwa vizuri. Baba yangu alizikwa vizuri, mume wangu alizikwa vizuri, mwanangu wa pili naye hivyo hivyo. Nimeishi na maneno hayo mawili umri wangu wote. Lakini mtu wa kwanza niliyemwona akiyakataa alikuwa Shangazi Mize, dada yake baba, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mwaka ambao mimi nilikuwa mwali na Hemedi alikuwa na kamera. Habari za ukoo wetu nitaziacha. Zimeshasemwa sana kwenye arusi, na nyingi si za kweli.

Nilikuwa nimevunja ungo, nikawekwa ndani kama ilivyokuwa desturi, nisubiri kuposwa. Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, nyuma ya msikiti, na ulimwengu wangu ukawa ukumbi, chumba cha wanawake, jiko na ua. Dirisha la ukumbini lilikuwa na fito zilizobanana, kwa hiyo niliona kipande cha kanzu kinapita, kikapu kinapita, mkia wa punda. Sauti ndizo zilizoingia zote. Asubuhi nilisikia muuza maandazi akigombana na watoto wa chuo cha Kurani, na baada ya alasiri nilisikia wazee barazani wakizungumza juu ya bei ya nazi na maradhi yao ya tumbo, kila siku maradhi yale yale. Nilikuwa nikilia mara kwa mara bila mtu kunipiga. Mama aliniambia kila mwali hulia, akanipa ukili nisuke.

Hemedi akarudi kutoka Dar es Salaam. Alikuwa akifanya kazi kwa Mgoa mmoja, Mhindi wa Goa, mwenye studio ya picha, akiosha sahani za dawa, mpaka kifua kikamshika, Mgoa akaona kikohozi kile kinafukuza wateja. Walipoagana alimpa kamera ya kisanduku, kuukuu, iliyozibwa nyufa kwa kitambaa cheusi na ulimbo, pamoja na chupa za dawa na karatasi za picha zilizokaribia kuharibika. Baba aliitazama kamera ile kama mtu aliyeletewa mbwa ndani. Akasema, "Malaika hawaingii nyumba yenye picha ya kiumbe. Usinipigie mtu, usinipigie mnyama." Hemedi akauliza, "Na majumba, Baba? Na miti?" Baba akafikiri kidogo. "Majumba hayana neno."

Basi Hemedi akaipiga Bagamoyo isiyo na watu. Alilipiga boma la Wajerumani, forodha, milango ya nakshi ya Mtaa wa India, mnara wa kanisa la misheni, kisima chetu cha mtaani, mpaka magofu ya Kaole na nguzo zake za makaburi ya kale. Kuyapata majumba bila watu katika mji wenye watu ni kazi ya subira. Alisimama juani akingoja mchukuzi apite, mbuzi aondoke, wazee wa barazani waende kuswali. Palipokuwa na gunia alilisogeza, palipokuwa na takataka alizifukia kwa mguu. Aliniambia Mgoa wake alikuwa akifuta hata makovu ya watu kwa penseli kabla ya kuwapa picha zao, na hakuna aliyelalamika. "Picha lazima iwe safi, Zuhura," alikuwa akisema. "Mtu hakupi sifa kwa kumwonyesha anachokiona kila siku."

Dawa za kusafishia picha tulizitia katika ghala la nazi. Hemedi aliziba mlango kwa mikeka, akafunika kandili kwa kitambaa chekundu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa sina pa kwenda, nikawa msaidizi wake. Mlikuwa na joto la kuua mle, na harufu ya mbata na ya dawa kali iliyokaa kwenye kanga yangu hata baada ya kufuliwa. Kazi yangu ilikuwa kuitikisa sahani taratibu. Karatasi inalala majini nyeupe, halafu kinatokea kivuli, halafu mstari wa paa, halafu unaona mlango unaoujua. Nilikuwa sijaukanyaga mtaa wangu kwa miezi, na sasa unanijia kwenye sahani ya bati, kimya, umefagiliwa, hauna hata inzi. Niliupenda mji ule kuliko nilivyowahi kuupenda nilipokuwa nikitembea ndani yake. Siku nyingine nilikuwa natoka ghalani macho yananiwasha, nakaa jikoni na muhogo wangu wa nazi, na nasahau kula.

Shangazi Mize alikuwa akikaa nasi, katika chumba cha uani, pamoja na mumewe Fundi Salehe, mwashi. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache na mikono iliyochubuliwa na chokaa. Mwaka ule alikuwa na kazi ya kujenga nyumba Mlingotini, anaondoka Jumamosi na kurudi Alhamisi jioni, na Shangazi humwekea samaki wa kupaka na wali, kisha hukaa kumtazama akila kana kwamba ameletewa mgeni. Sikupata kusikia wakibishana. Alhamisi moja Fundi hakurudi. Ijumaa, baada ya swala, watu wa Mlingotini wakaja na mwiko wake, pima maji yake na koti lake limekunjwa vizuri. Homa ilimshika Jumatano, Alhamisi asubuhi akafa, na adhuhuri wakamzika kwa kuwa maiti hangojeshwi. Baba alikwenda huko siku ya tatu kwa hitma. Aliporudi Shangazi alimngoja nyuma ya pazia la ukumbini. "Amezikwa vizuri, dada," Baba alisema, akaingia kutawadha.

Shangazi akaingia eda. Miezi minne na siku kumi asitoke, asijipambe, asijitie manukato, avae nguo nyeupe tupu. Tukawa wawili wa ndani, mjane na mwali, tukisuka ukili mmoja. Mimi nilikuwa nangoja mume na yeye alikuwa amemaliza wa kwake. Wiki za mwanzo hakulia. Hilo ndilo lililowatisha wanawake waliokuja kumpa pole. Nilisikia mmoja akimnong'oneza Mama jikoni, "Huyu hajakubali." Na kweli alikuwa hajakubali. Alhamisi jioni aliendelea kuweka samaki wa kupaka chini ya kawa, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aache, wala hakuna aliyeweza kumla samaki yule. Aliniambia siku moja, tukichambua mchele, "Mimi nimeletewa koti, mwanangu. Sijamwona akiumwa, sijamwona amekufa, sikumsikia akitolewa mlangoni. Mtu anaweza kusahau koti mahali."

Hemedi alikuwa ameketi kizingitini akifuta kamera yake. Shangazi akamgeukia. "Wewe unakwenda kila mahali na sanduku hilo. Unapiga visima, unapiga kuta. Nenda Mlingotini kanipigie kaburi la mume wangu. Nikiliona, nitajua." Hemedi akasema, "Inshallah, Shangazi." Baba alipoulizwa alikubali kwa sharti lake lile lile: kisiwemo kiumbe.

Hemedi aliazima baiskeli akaenda, akarudi jioni. Nilimuuliza njia ilikuwaje, akasema mchanga mwingi baada ya Kaole. Kesho yake tukaingia ghalani. Nilitikisa sahani kwa uangalifu kuliko siku zote, nikisoma Fatiha moyoni. Likatokea tuta dogo, jiwe la matumbawe kichwani, mchanga usio na jani wala alama ya unyayo, na nyuma yake kisiki cha mnazi. Nilitokwa na machozi nikamwambia, "Kaka, umelipata vizuri." Siku zote karatasi ikianza kujaa yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuinama, lakini siku ile alikuwa akihesabu chupa zake kwenye rafu na kunionyesha mgongo. Nilidhani ni kifua.

Baba aliigeuza picha huku na huku, akasema haina neno. Shangazi aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama kwa muda, akagusa lile jiwe kwa kidole, akauliza kwa sauti ndogo, "Mbona pakavu hivi? Hakuna hata mtu wa kummwagia maji?" Halafu akalia. Alilia kilio kilichokuwa kimemkaa tangu ile Ijumaa ya koti, mpaka Mama akaja kumshika kichwa, mpaka wazee wa barazani wakanyamaza. Alhamisi iliyofuata hakukuwa na samaki chini ya kawa. Miezi yote iliyobaki ya eda alikuwa na picha ile. Aliiweka juu ya sanduku lake la nguo, akaisomea Yasini baada ya magharibi, na mara nyingine nilimsikia akizungumza nayo habari ndogo ndogo za nyumbani: paa la jiko linavuja, Hemedi anakohoa tena, Zuhura ameposwa na watu wa Pangani. Alinenepa kidogo. Wanawake wakasema Alhamdulillahi, sasa amekubali. Hemedi peke yake ndiye aliyezidi kukonda, na akawa hapigi picha tena, anasema karatasi zimekwisha. Shangazi akimshukuru na kumwombea dua, alikuwa anasimama na kutoka nje.

Siku ya kutoka eda ilipofika, Shangazi alioga, akavaa kanga mpya, akasema safari yake ya kwanza ni Mlingotini kumzuru Fundi. Hemedi alijaribu kila hila. Alisema jua kali, alisema njia imejaa maji, kana kwamba vitu viwili hivyo hukaa pamoja. Mwishowe akasema, "Shangazi, picha unayo, ya nini kujisumbua?" Shangazi akacheka, cheko la kwanza nililosikia kwake tangu msiba. "Picha hainyweshwi maji, mwanangu." Akaenda na Mama, na mtungi mdogo wa maji, na picha imefungwa kwenye pindo la kanga.

Yaliyotokea huko niliyapata kwa Mama. Walifika makaburini, Shangazi akaitoa picha na kulinganisha kisiki na jiwe mpaka akalipata tuta lake. Akapiga magoti, akamwaga maji, akaanza kusoma. Bibi mmoja wa pale aliyekuwa akiokota kuni akawasalimu, akauliza kwa adabu, "Samahanini, wenzangu. Huyo ni nani wenu?" Mama akajibu ni Fundi Salehe mwashi. Yule bibi akasema, "La, bibi zangu. Huyo ni mtu aliyekuja zamani kwa kazi ya minazi, akafa hapa, hana mtu. Hata jina lake tumelisahau. Fundi Salehe yule pale." Akaonyesha kaburi la jirani. Lilikuwa na mirehani imepandwa kichwani na miguuni, mibichi, imemwagiwa maji asubuhi ile, na mtungi umeegemezwa pembeni. Na hapo pembeni alikuwa amekaa msichana mdogo, jina lake Tatu, ambaye alikuwa na paji la uso la Fundi na vidole vya Fundi. Mama yake, mke wa Fundi wa Mlingotini, naye alikuwa ndio kwanza ametoka eda siku ile.

Waliporudi ilikuwa karibu na magharibi. Niliwasikia kutoka chumbani. Shangazi hakuvua hata viatu. Alikaa kwenye mkeka wa ukumbini, akamwita Hemedi, akaiweka picha mbele yake kifudifudi.

"Sema," alimwambia.

Hemedi akasema yote, kwa sauti ya mtu anayekohoa. Alioneshwa kaburi la Fundi, akamkuta msichana juu yake na kopo la maji. Alimwomba asogee, msichana akasema hasogei, yuko kwa baba yake. Picha yenye mtoto Baba angeichana, na Shangazi angeuliza ni mtoto wa nani. Na hata mtoto asingekuwepo, mirehani ingeonekana, na mtungi ungeonekana. La jirani lilikuwa safi. "Nilitaka nikupunguzie uchungu, Shangazi."

"Uchungu ulikuwa wangu. Nani alikwambia upunguze?" Hakupaza sauti. "Unadhani mimi sikujua ana mke Mlingotini? Kanzu zake zilikuwa zinarudi zimepigwa pasi, na mimi pasi sina. Nilijua, nikanyamaza, kwa kuwa alikuwa akirudi. Ungenionyesha yule mtoto, ningempelekea mwenzangu salamu za pole. Tungekaa eda moja, yeye kwake na mimi kwangu, tukamlilia mtu mmoja. Wewe umenikalisha eda ya mtu nisiyemjua, Hemedi. Nimemsimulia siri za nyumba hii mtu wa minazi."

Baba alikohoa mlangoni kama mtu anayetaka kuingilia, halafu hakuingia. Nadhani yeye naye, siku ya hitma, aliiona ile mirehani.

Nililia usiku na mchana nikidhani namlilia Shangazi. Lakini nilikuwa naulilia pia mji wangu wa kwenye sahani. Muda mfupi baadaye arusi ikaja, nikatolewa nje, nikaiona Bagamoyo kwa macho yangu. Sokoni kulikuwa na inzi na mtu mwenye matende akiomba kwenye mlango ule ule wa nakshi. Mbele ya boma wafungwa walikuwa wakifyeka majani. Kisimani, mahali ambapo Hemedi aliniletea mawe matupu, palikuwa na wanawake wakipigania ndoo na mmoja wao alikuwa na jicho lililovimba. Wote hao walikuwepo tangu mwanzo. Walikuwa wamesimama nje ya ukingo wa picha, wakingoja kaka yangu amalize. Nikaenda Pangani kwa mume nikiwa na hofu ambayo sikuweza kumweleza mtu, hofu kwamba watu wanaonipenda wanaweza kunifagilia mambo mpaka nisijue ninaishi wapi.

Shangazi Mize aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mara kwa mara alikuwa akienda Mlingotini siku ya Ijumaa, na alirudi na tawi la mrehani wa Tatu akalipanda uani ndani ya chungu kilichopasuka. Mama alinihadithia kwamba kila alipokwenda aliwamwagia maji wote wawili, Fundi na yule jirani yake, maana yule naye sasa alikuwa amezoeana naye. Lakini Shangazi hakumsamehe Hemedi. Aliitikia salamu yake, kwa kuwa kuitikia ni wajibu, akaishia hapo. Kaka yangu alikuwa anasimama pale uani, "Shikamoo, Shangazi," na yeye, "Marahaba," huku mikono ikiendelea na mchele. Marahaba ile Hemedi aliichukua akarudi nayo Dar es Salaam, na kamera akaiuza. Alipofariki Shangazi, Hemedi alifika jioni, watu wakiwa wamesharudi kutoka makaburini. Wakamwambia amezikwa vizuri.

Basi Jumapili hii, hitma ilipokwisha, nilimwambia Idrisa anipeleke. Alisema jua kali. Nikamwambia sababu hiyo naijua. Akaniitia bajaji, nikabeba miche miwili ya mrehani wa uani, ambao ni mjukuu wa mjukuu wa ule wa Shangazi, na yeye akabeba dumu la maji. Ule mti wenye kivuli ulikuwepo kweli. Lakini kushoto, pale simu ilipokatia, palikuwa na chupa za plastiki, mifuko ya saruji iliyochanika, na kandambili moja. Na hatua chache nyuma ya hayo kulikuwa na kaburi lililodidimia, halina ubao, mbuzi wamelala juu yake mpaka limekuwa shimo.

Idrisa alianza kuokota chupa haraka haraka. "Samahani, Shangazi. Sikutaka uone taka."

"Baba yako naye hakutaka," nilimwambia, na hapo ndipo kilio cha Hemedi kiliponijia, wala sikukizuia. Nilimlilia kijana aliyesimama juani akingoja mbuzi waondoke, na mzee aliyekufa bila kusamehewa kwa kosa la huruma. Idrisa alinishika bega mpaka nikatulia. Nikapanda mche mmoja kichwani kwa kaka yangu, akaumwagia maji. Nikampa wa pili, nikamwonyesha lile shimo.

Akasimama na mche mkono mmoja, dumu mkono mwingine. "Hili la nani, Shangazi?"

"Sijui," nikamjibu. "Panda."